Wali wa Nyumba ya Nadhir

Shaabani 19

Naandika mimi Harub, kwa mkono wangu mwenyewe, hapa Samad Ash-Shan. Msahafu nimehitimu chuoni, skuli nimefika darasa la tatu nikaona yatosha, na waliofika mbali zaidi wengi nimewazika. Daftari kanipa binti yangu Azza, mwalimu wa Mudhaibi. Naandika kwa sababu shambani kwangu kuna mwizi, na sheikh akitaka ushahidi nimpe.

Mwizi mwenyewe simuelewi. Anakata majani ya mgomba, ndizi anaziacha. Nimeona wezi wa kuku, wezi wa tende, na wezi wa maji ya falaj wanaofungua mfereji kabla ya zamu yao. Mwizi wa majani sijapata kumuona.

Shaabani 21

Jani jengine. Limekatwa kwa kisu, tena kisu kikali. Nilikuwa nikimshuku mbuzi wa Nadhir, mdogo wangu, maana shamba lake liko ng'ambo ya falaj. Lakini mbuzi hana kisu.

Shaabani 25

Majani zaidi. Mwanamboka, msichana wa Tanga anayetufanyia kazi za nyumbani, kanambia, "Babu, kwetu ukiona majani yanakatwa hivyo, ujue kuna mtu anafungwa." Nimemwambia aache upuuzi akaanue nguo. Kisha nikaenda kusoma Ayatul Kursi pale migombani. Tahadhari tu. Mimi siogopi.

Shaabani 28

Nimekaa shambani kuvizia tangu alfajiri, bakora mkononi. Hakuja mtu. Nilifumba macho kidogo kupumzisha kope. Nilipofumbua, jani limekwenda.

Ramadhani 1

Tumefunga. Joto.

Ramadhani 2

Leo nina mengi.

Kabla ya magharibi mlango umebishwa. Azza kaenda, karudi na sahani ya plastiki yenye picha ya jogoo mwekundu. Juu yake vifurushi virefu vya majani ya mgomba, vimefungwa kwa nyuzi za jani la mtende. Nikaliangalia jani, nikalijua. Mtu hulijua jani lake.

"Nani kaleta?"

"Vya kwa ami Nadhir, baba. Kapika mke wa Hud. Chakula cha kwao, Ufilipino."

Hud ni mtoto wa Nadhir. Mkewe ni muuguzi hospitali, na hata uso wake sijauona sawasawa, kwa sababu harusini kwao sikukaa. Hapa nieleze, maana asiyejua ataniona mkorofi.

Mimi ni mpishi. Nimeanza mtoto, nachochea kuni za harusi Ng'ambo, Unguja. Nilipokuja huku Uarabuni nikaingia jikoni kwa jeshi mpaka nikastaafu. Wali wangu ukiumwaga mkekani kila punje inamkimbia mwenzake. Makamanda walikuwa wakitoka kambi nyengine kuja kula kwetu, na wala hawakuwa na shughuli yoyote na sisi. Harusi zote za ukoo huu nimepika mimi. Miaka minne nyuma Hud akaoa. Nadhir akaleta wapishi wa kukodi kutoka Ibra, vijana, na masufuria yao ya kung'ara. Mimi nimekuja na mwiko wangu, yeye ananambia mbele za watu, "Wewe leo keti juu ya zulia, kaka."

Nikainuka. Nikaapa: Wallahi, wali wa nyumba hii hautaingia kinywani mwangu. Nikaenda zangu na mwiko wangu. Tangu siku ile mimi na Nadhir tunasali safu moja, na salamu yetu ni ile ya kumalizia sala tu, nayo ni ya malaika.

Basi nikafungua kifurushi. Ndani wali! Wali ulioshikana kama kipande cha sabuni, mweupe, juu umemiminiwa sukari guru. Mimi, Harub, naletewa madonge.

"Hiki nini?" nikauliza. "Chakula au matusi?"

"Inaitwa suman, baba. Tamu. Onja."

"Nimeapa."

"Basi tutakula sisi," kasema Mwanamboka, na mkono umeshafika.

Wamevimaliza vyote. Mimi nimefuturu sambusa. Imebaki sahani.

Ramadhani 3

Hii sahani. Sahani ya jirani katika Ramadhani hairudi tupu, hilo hata mtoto analijua. Ukiirudisha tupu umemwambia mwenyewe kwamba si kitu. Ukikaa nayo umeiba. Ukiijaza umefungua mlango ulioufunga kwa kiapo. Nimeiweka juu ya kabati. Jogoo ananitazama.

Ramadhani 4

Bado ananitazama.

Ramadhani 5

Nimepata. Nitairudisha na kitu kile kile, kwa mkono wangu, kizuri kuliko chao. Hapo watajua nani mpishi katika bonde hili.

Azza kaniuliza, "Sasa baba, hiyo ni suluhu au vita?"

Nikamwambia hiyo ni sahani.

Ramadhani 6

Nimetoa basmati yangu ya wageni. Nimeiosha mpaka maji yakawa ya kunywa. Nimekuna nazi kwa mbuzi yangu niliyokuja nayo kutoka Unguja, nikakamua tui, nikapika, nikafunga majani, nikachemsha. Kuonja siwezi, nimefunga, lakini mpishi wa kweli anaonja kwa pua.

Wakati wa futari Azza kafungua kifurushi. Punje zimemwagika mezani kama shanga zilizokatika uzi.

"Babu," kasema Mwanamboka, "huu wali haupatani. Kama watu fulani nawajua."

Nimempeleka akaoshe vyombo. Azza naye: "Mchele wao mwengine, baba. Muulize Hanifa." Hanifa ndiye huyo mke wa Hud.

Nikamwambia mchele ni mchele.

Ramadhani 8

Nimezidisha maji. Umekuwa uji. Majani yamevuja, jiko limezimika.

Ramadhani 9

Nimetia unga wa ngano. Paka kanusa akaondoka.

Ramadhani 12

Mvua kubwa. Wadi, ule mto mkavu, imeshuka maji, njia ya Mudhaibi imekatika, Azza kabaki huko kwa mwalimu mwenzake. Baada ya adhuhuri imepungua, nikaenda kuangalia falaj isije ikaziba matope. Na huko ndiko nilikomkamata mwizi.

Amesimama upande wangu wa mfereji. Baibui limeroa mpaka magotini, kisu mkononi, jani langu begani. Nikajiweka sawa nimpigie ukelele mmoja wa kijeshi. Kabla sijafungua kinywa, kasema:

"Shikamoo, ami Harub."

"Marahaba," nikasema.

Limetoka lenyewe. Shikamoo mtu akikupa huwezi kuiacha ikaanguka chini. Lakini ndiyo hivyo, nimeshasema na nyumba ile.

"Wewe ndiye unayeniibia majani?"

"Siibi, ami. Nimeambiwa nikate."

"Na nani?"

"Baba Nadhir. Kasema, kata upande wa kaka yangu, migomba yake mizuri kuliko yangu."

Kha! Migomba yangu ni mizuri, hilo ni kweli, ya Nadhir imekaa kama imefiwa. Lakini nisimame pale nikasirike au nishukuru? Nikauliza jengine.

"Na Kiswahili umekipata wapi?"

"Kwa mama Hud. Kiarabu nimejifunza hospitali, Kiswahili jikoni."

"Ulisilimu lini?"

Akacheka, mvua inamdondoka puani. "Nimezaliwa Muislamu, ami. Kwetu Marawi. Babu yangu alikuwa imamu. Jina la Hanifa kanipa yeye, hamkunipa nyinyi."

Sikujua. Miaka minne nasema msikitini habari za msichana wa Hud aliyesilimishwa, na watu wananitazama tu, hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Watu wa hapa wana adabu mbaya.

"Na wali ule unaugandisha kwa nini? Unatia kitu gani?"

"Sitii kitu. Ndivyo mchele wenyewe ulivyo. Huo wenu haushikani hata ukiupigia magoti."

"Mchele ni mchele."

"Sawa, ami," kasema, kama anavyosemeshwa mgonjwa. Akavuka falaj na jani langu.

Ramadhani 13

Sielewi. Mtu hajanisemesha miaka minne, anatuma mtu akakate majani yangu, anayafungia chakula, ananiletea mwenyewe nile, na huku ananisifia migomba. Huyu ananitukana au ananibembeleza? Nimemuuliza Azza. Kanambia, "Mimi nafundisha hesabu, baba."

Ramadhani 15

Kuna mfuko juu ya jiwe la kufulia, pale falaj. Ndani mchele, punje fupi, nene, nyeupe kama chokaa. Nimeusugua kiganjani, haung'ai hata chembe. Najua umetoka wapi.

Nimekaa nao mpaka adhuhuri. Mimi niliapa wali. Huu ni mchele. Haujawa wali mpaka upikwe, na atakayeupika ni mimi, katika nyumba yangu. Nimeuchukua.

Ramadhani 16

Kweli mchele si mmoja. Sijamwambia mtu.

Lakini haukutoka. Azza kanikuta jikoni akashika kichwa. "Baba, samli ya nini? Na ndimu? Si ndizo za kuachanisha punje?"

Nikatazama sufuria. Nimetia samli, nimekamulia ndimu, na wallahi sikumbuki kutia. Mikono imefanya yenyewe. Kutwa nimekaa naitazama. Imefundishwa kazi moja tu maisha yake yote, kuzuia wali usishikane. Leo naiambia iushikanishe, hainisikii.

Ramadhani 18

Umeungua.

Ramadhani 19

Kichwa kinauma. Sahani nimeigeuza uso chini. Mwanamboka kaigeuza tena.

Ramadhani 22

Nimerudi kutoka msikitini alasiri, jikoni nasikia nazi inakunwa. Nimeingia, Hanifa kaikalia mbuzi yangu. Mbuzi ile haikaliwi na mtu, hata marehemu mke wangu alikuwa akiomba ruhusa. Azza na Mwanamboka wamesimama mlangoni kama askari waliofanya kosa pamoja.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Unakuna vibaya, unafika mpaka kwenye kifuu. Nipishe."

Kanipisha. Nikakaa nikakuna, maana nazi haina kosa. Mchele keshauloweka tangu jana, kumbe Azza anajua yote. Tukatia tui na chumvi, tukaupandisha motoni.

"Koroga, ami."

"Wali haukorogwi. Ukikorogwa unaharibika."

"Huu ukikorogwa ndiyo unatengenea. Koroga, usiogope."

Mimi niogope! Nikakoroga. Tui likanywewa, mchele ukaanza kuwa mzito, unavuta mwiko kama unataka kuninyang'anya. Yeye anababua majani juu ya moto, moja moja, yanabadilika rangi na kulainika kama kitambaa. Hilo la majani nilikuwa silijui, na yangu ndiyo maana yalikuwa yakipasuka. Anajua kazi, lakini chumvi kazidisha.

Akauliza bila kunitazama, "Ami, kwa nini hukula harusini kwangu?"

Katika miaka minne hakuna aliyeniuliza hivyo. Wote walikuwa wakinambia nisamehe tu.

"Walinikalisha juu ya zulia kama mgonjwa."

"Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nachungulia. Baba Nadhir alikodi wapishi ili wewe ukae. Alisema, kaka kasimama motoni harusi zote, hata yake mwenyewe. Leo akae, nimpakulie mimi. Ulipoinuka alikuwa anakuja, sahani yako iko mkononi mwake."

Harusi yangu mwenyewe nilipika mimi, kweli. Mke wangu alikuwa akinicheka mpaka anakufa, anasema aliolewa na bwana harusi ananuka moshi. Lakini nilikuwa simuamini mtu mwengine na pilau ile.

"Mbona hakusema?"

"Mbona hukuuliza?" kajibu Azza mlangoni.

Nimewafukuza wote jikoni. Naandika hapa na narudia: mpishi hatolewi jikoni bila kuulizwa. Heshima gani hiyo, ya kumpokonya mtu mwiko? Mimi sikukosea. Lakini tangu alasiri namuona yule mtu amesimama na sahani mkononi, watu wanamtazama, hajui aiweke wapi. Namwambia kaa, hakai.

Ramadhani 23

Kama ilikuwa heshima, basi nimeikasirikia heshima miaka minne. Kama ilikuwa dharau, basi huyu msichana kanidanganya, na hana sura ya uongo. Sijui nishike lipi.

Ramadhani 24

Sijui.

Ramadhani 26

Nadhir hakuonekana msikitini jana. Azza kasema sukari imempanda. Leo kaja, anatembea kwa kushika ukuta. Mdogo wangu yule, nilikuwa nikimbeba mgongoni kuvuka maji ya mvua Ng'ambo.

Nimeloweka mchele.

Ramadhani 28

Nimepika peke yangu. Nimewaambia hao watatu kila mtu akae mbali. Nimekoroga. Samli nimeifungia kabatini na ufunguo nimempa Mwanamboka, asinipe hata nikimuamrisha. Nimebabua majani, nimefunga kwa jani la mtende, nimechemsha, nimepanga juu ya jogoo mpaka haonekani. Sukari guru sikutia, nimeweka mbali kwa ajili yao wengine.

Nimekwenda na miguu yangu. Kafungua Nadhir mwenyewe. Msikitini huwa namuona bega tu. Ndevu zote zimekuwa nyeupe, hakuna aliyenambia.

"Nimeleta sahani," nikasema. "Sikuja kukaa."

"Sahani yenyewe nzito. Iingize."

"Ishike hapa hapa."

Pale pale muadhini akaadhini. Huwezi kusimama mlangoni kwa mtu magharibi ya Ramadhani, ni aibu yako na yake. Nimeingia. Kanipa tende na maji. Tende hazimo katika kiapo.

Nadhir kafungua kifurushi, kamega, katia kinywani. Anatafuna taratibu. Ananijua, anajua nangojea. Tonge dogo tu halimuui mwenye sukari, nilimpimia.

"Harub."

"Naam."

"Wali wako umefanya madonge."

Neno hilo hakuna mtu aliyepata kunambia akabaki na amani. Nikasema, "Alhamdulillahi."

Kacheka mpaka kikohozi kimemshika na Hanifa kaja mbio na maji. Alipotulia kanisukumia sahani.

"Kula na wewe."

"Nimeapa, Nadhir. Wali wa nyumba hii."

"Huu si umeupika wewe?"

"Mchele umetoka kwako."

"Majani yako. Tui lako. Mikono yako."

"Sahani yako. Na sasa umo chini ya dari yako."

"Kwa hiyo ukiingia ndani mwangu kila kitu ni changu? Basi na kofia yako nipe."

Tumehojiana kama makadhi wawili, na wali uko katikati hauna mwenyewe. Hanifa kasema, "Ami, unapoa."

Nikala. Ulikuwa mtamu. Nimeupika mimi, kwa nini usiwe mtamu?

Baadaye nikamuuliza, "Na wewe siku ile hukuapa?"

"Niliapa. Niliapa sitafika mlangoni kwako mpaka wewe ufike kwangu kwanza. Umefika. Kiapo changu kizima." Akapangusa ndevu. Mjanja toka yuko mdogo.

Habari za zulia hakuzisema, na mimi sikuziuliza. Nilikuwa nazo ulimini.

Ramadhani 29

Mwezi umeandama.

Sikukuu ya pili

Nilikwenda kumuuliza imamu: wali ule ulikuwa wa nyumba gani? Kafikiri, kaniuliza tena habari ya majani, kafikiri tena. Mwisho kasema, "Hata mimi sijui, mzee Harub. Mwenye shaka alishe maskini kumi, kafara ya kiapo, alale vizuri."

Basi leo nimelisha. Wafanyakazi wa mashamba, wale waliobaki hapa sikukuu na kwao ni mbali. Nimepika uani kwangu wali wa nazi, huu wangu wa asili, punje inamkimbia mwenzake. Hanifa kaleta suman. Nadhir kaja, mara ya kwanza kupita mlango wangu tangu harusi ile, kakaa kwenye kigoda akachochea kuni. Anachochea vibaya, moshi wote machoni kwangu. Nimemwambia. Kasema, "Pika, wacha maneno."

Wageni wamekula wakashukuru. Wali wangu ulikwisha karibu wote, na suman zilikwisha zote, na mimi nimeliona hilo. Walipoondoka nikashika masufuria niyaoshe. Nadhir kanishika mkono.

"Keti, kaka."

Zulia lilikuwa limeshatandikwa uani, sijui nani kalitandika. Azza kageuza uso. Nikataka kusema neno, na neno lenyewe lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikamtazama. Ana sahani mkononi, ile ya jogoo, na miguu yake haina nguvu za kusimama kwa muda.

Nikaketi.

Kaenda kwenye sufuria mwenyewe, anashika ukuta, kanipakulia uliobaki, kanirudia pole pole, kaniwekea mbele. Kisha naye kaketi. Nimekula wali nilioupika mwenyewe kwa kupakuliwa na mtu mwengine, jambo ambalo katika maisha yangu sikumbuki lini limetokea. Mpaka sasa naandika, na sijui bado kama lile ni heshima au ni dharau.

Alipakua kidogo, mkono wa birika. Nilimrudishia sahani nikamwambia aongeze.